Wiki tano kabla ya kilomita 21: jibu kwa mwalimu wa Wete

Swali: Assalaam alaykum mwalimu wa mbio. Nami pia ni mwalimu, nasomesha skuli ya msingi hapa Wete. Nina miaka 34 na watoto wawili. Siku moja tulibishana ofisini, wenzetu wa kiume wakasema mwanamke wa Pemba hawezi mbio ndefu. Kwa hasira nikajiandikisha mbio za kilomita 21 Unguja, Jumapili ya mwisho ya Julai. Zimebaki wiki tano. Sasa hivi nakimbia mara tatu kwa wiki baada ya sala ya alfajiri, kilomita tano tano, kwa dakika 35 hivi. Siku moja nilifika nane. Mwenzangu ananiambia nikimbie kila siku, ninywe maji mengi niwezavyo, na wiki moja kabla niikimbie 21 nzima ili nijue kama naiweza. Je, itawezekana, au nimejitafutia aibu bure?

Jibu: Waalaykum salaam, mwalimu mwenzangu. Itawezekana. Ungekuwa hujawahi kukimbia hata mara moja, ningekwambia uombe kuhamia kilomita tano, ubishi uuache ofisini. Lakini mtu anayetoka mara tatu kwa wiki gizani, na watoto wawili wanamsubiri chai, kazi kubwa keshaifanya. Kilichobaki ni kuzitumia vizuri hizi wiki tano, na kwanza kabisa ni kuyaacha yale mashauri matatu uliyopewa, yote.

Nianze na lile la kuikimbia 21 wiki moja kabla, maana ndilo linaloharibu watu wengi. Zoezi halikupi nguvu siku ile ile unapolifanya. Siku ile linakuchosha tu, linakwaruza misuli, na mwili unachukua siku kumi hadi kumi na nne kujitengeneza mpaka uione faida. Ukikimbia 21 Jumapili ya kabla, Jumapili ya mbio utapanga mstari ukiwa na uchovu wote na faida hujaipata bado. Ni sawa na kulivaa gauni la harusi ukaenda nalo shamba kuchuma karafuu ili ujue kama litakutosha.

Kukimbia kila siku nako hakukufai. Moyo na pumzi huzoea upesi, wiki mbili tatu tu unajiona mwepesi. Mifupa na kano hazina haraka hiyo, zinataka miezi. Sasa pumzi inakwambia twende, na mfupa wa goko, ule wa mbele chini ya goti, bado haujawa tayari, na hapo ndipo watu wanapoumia wiki ya tatu, wakati wanajisifu. Baki na siku zako tatu. Ukiona lazima uongeze ya nne, tembea.

Mpango wenyewe ni mdogo. Jumanne na Alhamisi endelea na tano zako kama kawaida. Jumapili ndiyo siku ya kazi: ya kwanza kilomita 10, ya pili 13, ya tatu 16, ya nne unarudi 10, ya tano ni mbio. Kama huna saa inayopima masafa, hesabu dakika: 80, 105, 130, kisha 80. Ile 16 inaangukia siku kumi na nne kabla ya mbio, na hiyo inatosha. Najua utauliza zile tano zilizobaki utazitoa wapi. Utazitoa kwenye mapumziko ya wiki mbili za mwisho, na kwenye watu watakaokuwa wamejipanga barabarani wakikupigia makofi. Sijaona mtu aliyemaliza 16 kwa utulivu akashindwa 21 kwa sababu ya masafa. Nimeona wengi walioshindwa kwa sababu ya mwendo.

Juu ya mwendo nataka nikae kidogo.

Tano yako unaikimbia kwa dakika 35, yaani dakika saba kwa kila kilomita. Ukijaribu kuushika mwendo huo mpaka mwisho, utalipa kilomita ya 13 au 14. Mwendo wako wa Jumapili, na wa siku ya mbio, ni dakika nane kwa kilomita, na robo dakika juu yake si neno. Hesabu inakuja saa mbili na dakika 50, pengine karibu na saa tatu. Waulize waandaaji sasa hivi wanafunga njia baada ya muda gani, ili usipigwe na butwaa kule. Saa ya mkononi si lazima kwa hili. Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni Alhamdu. Isome kwa sauti huku unakimbia. Aya za mwanzo ni fupi, kila mtu anazimudu. Ukifika ile ya mwisho, ndefu, ndipo utajijua: ukidakia pumzi katikati, umezidisha, punguza. Siku ya mbio isome kila kilomita. Thawabu utapata, na mwendo utakaa sawa.

Na utembee. Kila dakika nane za kukimbia, dakika moja ya kutembea kwa haraka, tangu kilomita ya kwanza wakati bado huoni haja. Wenzako watakucheka. Waache. Anayetembea kwa hiari yake kilomita ya pili ana miguu ya kukimbilia kilomita ya 19, na asiyetaka kutembea mapema hulazimishwa kutembea baadaye, tena kwa kuchechemea. Lakini lifanye zoezi hili tangu Jumapili ya kwanza. Siku ya mbio si siku ya kujaribu kitu kipya, iwe mwendo, kiatu au chakula.

Haya sikuyasoma mahali. Mbio yangu ya kwanza ya 21 niliikimbia Dar es Salaam nikiwa kijana, nimejiandaa wiki tatu na najiona simba. Kilomita tano za mwanzo nilizimaliza kwa dakika 22, nikiwafuata watu ambao sikuwa na haki hata ya kuwaona visogo. Kilomita ya 14 nilikaa kwenye ukingo wa barabara, paja la kulia limekaza kama ubao, chumvi imenigandia usoni. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua aliniangalia kwa huruma akanipa kimoja, nikashindwa kukimeza. Wakati nakishika mkononi akapita mzee wa miaka sitini hivi, raba za turubai miguuni, anakwenda mdogo mdogo kama anayewahi jamaa. Alinisalimu. Sikumwona tena mpaka mwisho, na yeye alikuwa keshabadilisha nguo.

Kama unataka ushahidi mkubwa kuliko wangu, mtazame Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, zile mbio za kilomita 42. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, asubuhi ya joto na unyevu, aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha kwa saa 2:09:48. Rekodi ya dunia ya marathoni siku ile ilikuwa 2:00:35, aliyoiweka Kelvin Kiptum wa Kenya kule Chicago mwaka 2023. Zaidi ya dakika tisa nyuma ya rekodi, na bado bingwa wa dunia. Joto liliwapunguza wote, na Simbu hakugombana nalo. Alikaa ndani ya kundi, akasubiri, akampita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa muda ule ule, tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde. Kama bingwa anapunguza mwendo kwa ajili ya joto, mimi na wewe ni nani?

Basi tuje kwenye joto letu. Julai ni kipupwe, umechagua mwezi mzuri. Lakini unafanya mazoezi alfajiri, na siku ya mbio, hata wakianza saa kumi na mbili na nusu, wewe utamaliza jua limeshapanda. Saa yako ya mwisho, ile ngumu kuliko zote, itakuwa kwenye joto ambalo miguu yako haijawahi kukutana nalo. Mwili unalizoea joto ndani ya wiki mbili hivi: unaanza kutoa jasho mapema, damu inaongezeka maji, na chumvi inayopotea kwenye jasho inapungua. Hili ndilo zoezi linalolipa haraka kuliko mengine yote, na kwa mtu mwenye wiki tano ni kama zawadi. Kwa hiyo tano yako ya Alhamisi, kuanzia wiki ya pili, ihamishe saa kumi jioni, na zile Jumapili ndefu zianze saa moja na nusu asubuhi. Utakwenda polepole zaidi, usihuzunike.

Unyevu wa visiwani una hila yake. Jasho linakupoza likikauka mwilini. Likidondoka chini linakumaliza maji tu. Jambo jingine ni upepo. Julai ni kusi. Ukiwa unakwenda upande wa kusini, tuseme kutoka mjini kuelekea Kiembesamaki, upepo unakupiga usoni na unaona taabu. Ukigeuka kurudi unafurahi umesukumwa. Kumbe hapo ndipo joto linapokukamata, kwa sababu upepo unakwenda nawe na hewa haikupiti. Jimwagie maji kichwani na shingoni kabla ya kugeuka.

Sasa lile shauri la kunywa maji mengi uwezavyo. Hapana, mwalimu. Kunywa kupita kiasi kunaua, na si maneno ya kutishana. Baada ya marathoni ya Boston ya mwaka 2002 madaktari walipima damu ya wakimbiaji 488, na asilimia 13 walikutwa sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani, imeshuka chini ya kiwango. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa mpaka wakamaliza wana uzito kuliko walioanza nao, na waliochukua zaidi ya saa nne njiani. Mkimbiaji wa mbele hana hata nafasi ya kunywa. Sisi wa nyuma ndio tunaosimama kila meza. Pete ikikubana kidoleni, kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza huku tumbo linasukasuka maji, acha kunywa na waone watu wa huduma ya kwanza.

Kiasi chako utakijua mwenyewe kwa mizani. Azima ya kupimia watu kwa jirani. Jumapili ya kwanza kabla ya kutoka, jifunge kanga moja kavu ujipime. Kimbia. Ukirudi vua vilivyolowa, jifute, jifunge kanga ile ile, jipime tena. Kilo moja iliyopungua ni lita moja ya jasho, na uongeze ulichokunywa njiani. Tuseme umepoteza kilo moja kwa dakika 80, bila kunywa kitu. Huna haja ya kuirudisha yote huku unakimbia. Mafunda manne matano kila baada ya dakika ishirini, kiu ikikuongoza, yanatosha.

Dafu je? Nalipenda, na baada ya mbio hakuna kinachonishinda kulimaliza. Lakini dafu lina potasiamu nyingi, na jasho linatoka zaidi na sodiamu. Njiani bora pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji, ile ile unayowapa watoto wakiharisha. Tamu haina, najua. Ijaribu kwenye ile 16.

Chakula nakipitia mbio mbio. Usiku wa kuamkia mbio kula wali wako na samaki wa kawaida, mapema, usijaze. Urojo na mishkaki ya Forodhani iache mpaka Jumapili usiku. Hakuna mgeni wa Pemba asiyetamani, lakini tumbo likichafuka kilomita ya tisa utanikumbuka. Maharage na maziwa pia yaache. Asubuhi, zikibaki saa mbili na nusu hadi tatu mbio zianze, kula kama daku: vipande viwili vya boflo na asali, au muhogo wa kuchemsha, na chai yenye sukari. Njiani, baada ya dakika 45, anza kula tende moja moja. Tende ndogo tano au sita zina wanga kama gramu 30, na hicho ndicho kiasi cha chini kinachofaa kwa saa moja. Toa kokwa nyumbani, zifunge kwenye kijifuko. Kuna kijana wangu aliwahi kukimbia na halua mfukoni akisema sukari ni sukari. Sukari ilikuwepo, na samli pia, na suruali ilikuwa moja tu.

Viatu: vile unavyokimbilia sasa, kama havijaisha. Kama lazima ununue, nunua wiki hii, na ukipita mitumbani usidanganywe na rangi. Bonyeza soli ya kati kwa dole gumba, pale kisiginoni kwa pembeni. Ikiwa ngumu kama mbao isiyorudi, sponji lake limezeeka kabatini ughaibuni kabla hata halijapanda meli. Kidole kikubwa kibakiwe na nafasi ya upana wa dole gumba mbele, mguu huvimba.

Kuhusu nguo nimewauliza wanafunzi wangu wa kike, maana mimi nitajifanya najua nini. Wanasema fulana ya mikono mirefu ya kitambaa chepesi kinachokauka, si pamba, kwa sababu pamba ikilowa inakuwa mzigo na inachubua. Hijabu ya kuvaa kichwani bila pini. Sidiria ya michezo iliyokwisha kuvaliwa kwenye mbio ndefu walau mara mbili. Na mafuta ya mgando kila panaposuguana, bila aibu, hasa chini ya mkanda wa sidiria na mapajani.

Pemba yenyewe inakusaidia kuliko unavyodhani. Sisi wa mjini kwetu ni tambarare, na tukitaka kilima tunapanda ngazi za maghorofa ya Michenzani. Wewe ukitoka mlangoni tu unakutana nacho. Tano yako ya Jumanne ipitishe vilimani: panda kwa hatua fupi, teremka taratibu sana, maana kuteremka ndiko kunakoumiza mapaja. Ila Jumapili moja, ile ya kilomita 13, tafuta kipande kilicho sawa sawa hata kama utakwenda na kurudi mara nyingi, kwa sababu tambarare nayo ina adhabu yake: misuli ile ile inafanya kazi ile ile saa tatu nzima bila kupumzishana. Kimbia upande wa kulia uzione gari zinazokuja. Na kama karafuu zimeshaanza kuanikwa kando ya barabara, mikeka ya watu iheshimu.

Maumivu yatakuja, na lazima ujue ya kusikiliza. Miguu mizito, mapaja yanayouma yote mawili siku moja au mbili, hayo ni ya kawaida. Ukiona goko linauma, pitisha kidole kimoja juu ya mfupa. Maumivu yakitandaa urefu wa kiganja, punguza, pumzika siku tatu. Yakiwa mahali pamoja unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole, na yanakuuma hata ukitembea, simama kabisa umwone daktari, huenda mfupa umeanza ufa. Siku ulizokosa kwa maumivu, kwa homa au kwa mtoto kuumwa usizilipe. Na tafadhali usimeze diklofenaki wala brufeni asubuhi ya mbio, hata ukipewa na mwenye huruma. Dawa hizo na upungufu wa maji zikikutana, figo ndizo zinazoumia.

Wiki hii pia pita kituo cha afya wakupime presha, sukari na wingi wa damu. Ukiwahi kupata maumivu ya kifua au kizunguzungu ukikimbia, au ukiwa na pumu, mwambie daktari kabla ya kunifuata mimi. Na kama Jumapili ya pili hukuweza kumaliza zile dakika 105, hata kwa kutembea nusu yake, hamia kilomita 10 ikiwa waandaaji wanayo. Wale wa ofisini hawajakimbia hata moja.

Safari ni jambo ambalo wakimbiaji wa Unguja hawalijui. Kusi likivuma, bahari ya kati ya Pemba na Unguja inachafuka. Ukija Jumamosi ukatapika njia nzima kutoka Mkoani, utaanza mbio Jumapili umeshakauka. Njoo Ijumaa, omba ruhusa skuli, au kama mfuko unaruhusu panda ndege Chake. Jumamosi tembea dakika ishirini, chukua namba yako, ukalale.

Asubuhi yenyewe jipange nyuma. Nyuma kabisa, pale wanapopiga picha. Ngoma itapigwa, watu watatimka, na miguu yako iliyopumzika wiki mbili itakwambia leo ni leo. Kilomita tatu za kwanza uone kama unajizuia, uone karibu aibu. Kuanzia ya tano utaanza kuwapita watu, mmoja mmoja, mpaka mwisho, na hakuna raha katika mbio kama hiyo. Kilomita ya 17 ndipo patakapokuwa pabaya. Hapo acha kufikiria mwisho, fikiria dakika nane zijazo tu, halafu utatembea.

Ukivuka mstari usikae chini. Tembea dakika kumi, kunywa, kula kitu chenye chumvi. Jumatatu asubuhi mapaja yatakataa kukunja, kwa hiyo ukipanda boti kurudi kaa sitaha ya chini. Ukipanda juu, Mkoani utashuka ngazi kinyumenyume, na wanafunzi wako wapo gatini wanaangalia.